Samaki wakubwa kwenye tangi lenye mimea: wanaofaa na watakaokufyekea bustani

Mtu akitaka samaki wa kuonekana kutoka upande wa pili wa chumba, na bado anataka mimea yake ibaki hai, swali la kwanza analouliza dukani ni "huyu anafikia sentimita ngapi?" Ni swali zuri, ila limekuja mapema. Kuna samaki wa sentimita 30 anayeishi miaka kati ya majani bila kuyadhuru, na kuna wa sentimita 12 anayeacha vijiti vitupu ndani ya siku chache. Kinachoamua ni anakula nini, anakitafutaje, na anageukaje akishtuka. Urefu unafuata, kwa sababu ndio unaoamua maji anayoyachafua na nafasi anayoidai.

Ili hukumu zilingane, kila samaki hapa amepimwa kwa tangi moja la mfano: urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50. Kwa hesabu ya karatasi ni lita 300, lakini ukitoa mchanga, mawe, magogo na pengo la juu, maji halisi ni kama lita 240. Chini kuna mchanga laini wa sentimita 6, na chujio la nje linazungusha maji mara 5 hadi 6 kwa saa. Likijaa, tangi hilo pamoja na kioo chake hukaribia kilo 400, kwa hiyo meza ya kawaida isahau.

Jambo moja la hesabu kabla ya majina. Ile kanuni ya kupanga samaki kwa urefu, sentimita kadhaa kwa kila lita kadhaa, inawapotosha wanaonunua wakubwa. Uzito haukui sambamba na urefu. Samaki wa sentimita 20 ni mrefu mara 5 ya yule wa sentimita 4 mwenye umbo hilohilo, lakini ni mzito karibu mara 125. Kinyesi na amonia hufuata uzito na chakula, si rula.

Wasioingia kabisa

Tuanze na walioanguka, maana hao ndio wanaojaa madukani wakiwa wadogo na wa kuvutia. Metynnis, wale wa rangi ya fedha wenye umbo la duara, ni walaji mimea halisi. Kundi la watano likiachiwa Rotala au Hygrophila, shina ndilo litakalobaki. Leporinus fasciatus na Distichodus sexfasciatus wa Kongo, wote wawili wenye mikanda myeusi inayovutia macho, wako kundi hilohilo, na wa pili hupita kabisa kipimo cha tangi la nyumbani. Barbonymus schwanenfeldii huuzwa akiwa na sentimita 5, akafika 30, na majani laini ni halali yake. Heros, wa jamii ya perege, ni mpole na ana haiba, ila mboga ni sehemu kubwa ya chakula chake, na kumshibisha hakumzuii kuonja.

Astronotus ocellatus hali mimea. Anaing'oa. Huhamisha mchanga kwa kinywa, na akipata mwenzi huchimba mpaka kioo cha chini kionekane. Akiingia kwako, bustani itakuwa Anubias iliyogandishwa kwenye gogo zito pamoja na mimea inayoelea, basi.

Kuna pia yule kambare wa magamba magumu, Pterygoplichthys, anayeuzwa kama msafisha mwani. Hufika sentimita 40 na zaidi. Usiku hukwangua majani mapana ya Echinodorus hadi ibaki mishipa tu, na huko kukwangua ndiko kula kwake, kwa hiyo hakuna wa kumfundisha. Ndugu yake mdogo, Ancistrus, huishia sentimita 12 hadi 15 na anakubalika kwa sharti: awe na kipande cha mti cha kukwangua na apewe mboga kila baada ya siku mbili. Akilala njaa, naye atahamia kwenye Echinodorus.

Chromobotia macracanthus, lochi mwenye mikanda ya chungwa na myeusi, ananiumiza kumkata. Anapendeza, anamaliza konokono, na akiwa mdogo hana madhara makubwa. Lakini hukua polepole hadi sentimita 20 hadi 30, anataka wenzake wasiopungua watano, na ana tabia ya kutoboa matundu ya mviringo katikati ya majani mapana. Kwa lita 300 hapana. Kwa tangi la mita 2, na mimea yenye majani magumu, tunaweza kuzungumza.

Skalare, diskasi na gurami

Skalare (Pterophyllum scalare) ndiye wa kwanza kutajwa na karibu kila mtu, na sifa hiyo anaistahili. Mwili wake hufika sentimita 15, ila kipimo cha kuangalia ni kimo: mapezi ya juu na ya chini yakifunguka yote, anapita sentimita 20. Ndiyo maana tangi lenye maji ya kina cha sentimita 35 humpinda mapezi hata kama lina lita nyingi. Hesabu sentimita 40 za maji kwenda juu. Mwili wake bapa umeumbwa kupita kati ya mashina, na Vallisneria iliyosongamana anaipita bila kuigusa. Hali mimea wala hachimbi. Akitaka kutaga huchagua jani pana lililosimama wima, au bomba la chujio, hulisugua kwa kinywa, na kuanzia hapo upande huo wa tangi una mwenyewe.

Kasoro yake iko hapo. Nunua wadogo watano au sita, waache wachaguane wenyewe; kuwatambua dume na jike kwa macho kabla hawajataga ni kubahatisha. Jozi ya kwanza ikishika, waliobaki husukumwa kwenye kona moja na kung'atwa mapezi. Katika lita 300 bakiza jozi hiyo, wengine watafutie kwao. Kasoro ya pili ni neon tetra. Skalare mdogo huishi nao vizuri kwa miezi, kisha asubuhi moja hesabu inapungua, na mwenye tangi huanza kutafuta ugonjwa. Hakuna ugonjwa: samaki wa sentimita 3 ameshaanza kuenea kinywani. Weka wenzake wenye mwili mpana, wa sentimita 5 kwenda juu, na usimchanganye na Puntigrus tetrazona, hodari wa kudokoa mapezi marefu.

Pterophyllum altum wa mto Orinoco ni mrefu zaidi kwenda juu na ni mzuri kupita kiasi, lakini anadai maji laini yenye asidi, joto la nyuzi 27 au zaidi, na tangi la kimo cha sentimita 60. Kwa mfano wetu hapiti.

Diskasi (Symphysodon) naye hagusi mimea. Tatizo ni joto. Anataka nyuzi 28 hadi 30, na katika joto hilo mambo mawili hubadilika kwa pamoja. Maji hushika oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 25 maji yaliyoshiba hewa hubeba kama miligramu 8.3 kwa lita, kwenye nyuzi 30 kama 7.5. Wakati huohuo samaki, bakteria na mimea yenyewe hupumua kwa kasi zaidi. Mimea ya zulia na ile yenye mashina membamba mekundu hurefuka ovyo, hupauka, kisha mwani huipanda. Inayovumilia ni Anubias, Microsorum pteropus, Echinodorus, Cryptocoryne wendtii na Vallisneria. Ukiridhika na orodha hiyo fupi, diskasi watano au sita waliokwisha kukomaa watakaa katika lita 300 ukibadilisha nusu ya maji kila wiki. Wadogo usiwakuzie humo. Wanahitaji kula mara nne au tano kwa siku, na mabaki ya chakula hicho yakizama kwenye mchanga wenye mimea hayatoki kwa urahisi. Mkuzaji makini huwaweka kwanza kwenye tangi tupu lisilo na mchanga, wakafika sentimita 12, ndipo wakahamia bustanini.

Anayetaka uzuri bila vita wala ratiba ngumu amchukue gurami lulu (Trichopodus leerii). Sentimita 12, madoadoa meupe mwili mzima, dume ana kifua cha rangi ya chungwa. Dume mmoja na majike wawili au watatu. Hachimbi, hali mimea, hafukuzi wenzake isipokuwa anapojenga kiota chake cha mapovu chini ya majani yanayoelea. Anavuta hewa juu ya maji kwa kiungo maalumu kilicho kichwani, kwa hiyo mimea inayoelea isifunike uso wote. Acha theluthi moja wazi, na kifuniko kiwepo ili hewa anayoivuta iwe na joto na unyevu. Kosa lake pekee ni woga. Ukimweka na wenye pupa, atakula mabaki.

Wale wanaoitwa samaki wa upinde wa mvua, hasa Melanotaenia boesemani wa maziwa ya Ayamaru huko Papua, ni chaguo la mwenye maji magumu ambaye skalare na diskasi wa porini wangemsumbua. Hufika sentimita 10 hadi 11, dume akawa na kichwa cha buluu ya kijivu na mkia wa chungwa. Dukani wakiwa na sentimita 4 ni wa kijivu tu na wengi huwapita. Rangi huja na umri, ikachukua hata mwaka. Kundi la wanane, nafasi ndefu wazi katikati, mimea mirefu nyuma na pembeni. Wanaruka.

Kutoka mito ya Afrika

Hapa ndipo pesa ya mtu mwenye tangi la mimea inapopata thamani yake, na ajabu ni kwamba madukani hawa husukumwa kwenye matangi ya chini yenye giza.

Ctenopoma acutirostre, mwenye madoa ya chui, anatoka bonde la Kongo peke yake. Hufika sentimita 15, hukua polepole, na bila mimea minene hana raha. Njia yake ya kuwinda ni ya kutazamwa: huinamisha kichwa, huacha mwili uelee upande mmoja kama jani lililokufa, husogea kwa mapezi ya kifua yanayotikisika kidogo sana, kisha kinywa hufunguka ghafla na kurefuka mbele kuliko ulivyodhani. Kinywa hicho ndicho cha kuogopa. Kwa mwili wake mpana anaonekana mtaratibu, lakini samaki wa sentimita 4 anapotea humo mzima. Weka watatu, wasiwe mmoja, na wenzao wawe wa kuanzia sentimita 7. Mpe funza wekundu wa maji waliogandishwa, vipande vya kamba, minyoo ya ardhini iliyooshwa. Ana ulegevu mezani, kwa hiyo walaji wa kasi wapewe chakula chao upande mmoja wa tangi, na wakishasongamana huko, yeye apelekewe chake upande wa pili kwa kibano kirefu. Kwa tangi la mimea namweka juu ya skalare, na najua wengi watabisha.

Pantodon buchholzi, samaki kipepeo, huishi kwenye sentimita chache za juu tu. Mapezi yake ya kifua yametanuka kama mbawa, macho yanatazama juu, na chochote kinachoanguka majini hukimeza. Kinachozama hakifuati, na wengi hufa njaa huku tangi lina chakula tele chini. Anataka nyenje wadogo, nzi, panzi wachanga. Wadudu wa kuokota kwenye bustani iliyopigwa dawa watamuua na kuua tangi zima. Uso wa maji uwe umetulia: elekeza mkondo wa chujio upande mmoja, upande wa pili weka mimea inayoelea, na shusha maji sentimita 7 hadi 10 chini ya ukingo. Kifuniko kisiwe na tundu.

Xenomystus nigri ni samaki kisu wa kahawia. Hana pezi la mgongoni; pezi moja refu la chini ndilo linalompeleka mbele na nyuma kwa mawimbi, kwa hiyo anapenya kati ya mashina pasipo kuyasukuma. Kwenye tangi hufika sentimita 15 hadi 20. Ni wa usiku, mchana atakuwa chini ya gogo. Mmoja anatosha, wakikua hugombana. Ukitaka kumwona, panda kwa wingi, punguza mwanga, mpe chakula nusu saa kabla taa kuzimika, na kwa muda atazoea kutoka mapema. Anayetaka samaki wa kuonyesha wageni saa saba mchana asimnunue.

Halafu domodomo, Gnathonemus petersii, mwenye kidevu kirefu kinachotikisika. Huyu ni wa kustaajabisha kweli: hutoa umeme dhaifu kutoka mkiani na kusoma mabadiliko yake kwa ngozi, hasa kwenye kile kidevu, na ubongo wake ni mkubwa kiasi kwamba hutumia takriban asilimia 60 ya oksijeni ya mwili mzima. Kwa mwenye tangi, sifa hizo zina gharama. Oksijeni ikishuka, yeye ndiye wa kwanza kudhoofika. Kidevu hicho hupekua mchanga usiku kucha, na changarawe yenye kingo hukikwaruza, kikaingia vidonda na ukungu. Chembe za mchanga ziwe chini ya milimita 1, mviringo. Dawa nyingi za samaki, hasa zenye shaba, ni hatari kwake. Na usiweke wawili au watatu: mwenye nguvu humsumbua mnyonge kwa umeme na meno hadi afe. Ama mmoja, ama kundi kubwa ambalo lita 300 hazilitoshi. Mtenge pia na Xenomystus, kwani wote wanatafuta chakula kimoja usiku uleule. Anakula funza wekundu wa maji baada ya taa kuzimwa, na kama kuna kambare wenye pupa kwenye mchanga atakonda huku wewe ukidhani anakula. Mimea haigusi ila hufukua ile iliyopandwa jana. Ni samaki wa mtu mwenye uzoefu na tangi la mwanga hafifu.

Polypterus senegalus ndiye mkubwa kuliko wote niliowapitisha: sentimita 30 au zaidi kidogo, magamba magumu, na safu ya mapezi madogo mgongoni. Ana mapafu, na kila mara hupanda juu kuvuta hewa. Mwaka 2014 watafiti nchini Kanada walichapisha matokeo ya kulea wadogo wa aina hii kwa takriban miezi 8 nje ya maji, penye unyevu tu, nao wakatembea. Habari hiyo ina maana ya moja kwa moja kwako: tundu la waya la sentimita 3 ni mlango, na atakayetoka atatembea mbali kabla hujamkuta. Ziba kila upenyo kwa sifongo. Mimea haili. Huipenya, na mwili wake wenye nguvu hulaza iliyo laini, kwa hiyo yeye ni wa Anubias, Bolbitis heudelotii, Microsorum na Crinum iliyoshika mizizi. Chochote kinachoenea kinywani ni chakula. Wenzake wawe na mwili mpana na sentimita 10 kwenda juu. Usimpe samaki hai wa kununua: huleta vimelea, na wengi wao, kama samaki dhahabu, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Kamba na kome wabichi nao mara nyingi wana kimeng'enya hicho, kwa hiyo usiwafanye chakula cha kila siku.

Sahyadria denisonii wa milima ya magharibi ya India nimemwacha nje ya mfano kwa sababu moja tu: sentimita 120 hazimtoshi. Anaogelea kwa kasi, kundi la sita au zaidi, maji baridi kidogo ya nyuzi 21 hadi 25 yenye oksijeni nyingi. Kwenye tangi la mita 1.8 ni mzuri sana. Porini yuko hatarini, kwa hiyo tafuta waliozalishwa.

Mimea na mchanga kwanza

Wengi hupanda leo na kutia samaki wikendi. Kwa wakubwa hilo halifai. Mmea unaoshikwa na mizizi yake hauna cha kuogopa. Mmea wa wiki moja hung'oka kwa kupigwa mkia. Ipe mimea ya mchangani wiki 6 hadi 8 ikiwa peke yake. Muda huo pia ndio udongo wenye rutuba uliotiwa chini unapotoa amonia yake na bakteria wa chujio wanapokua. Ukipima amonia na nitriti zikawa sifuri kwa wiki mbili mfululizo, ndipo uanze na samaki wachache.

Echinodorus na Crinum zizungushie mawe manne hadi sita ya ukubwa wa ngumi, yakigusa mchanga karibu na shina bila kulifunika. Mchimbaji akianza kazi, mchanga unabaki. Anubias, Microsorum na Bolbitis zina shina linalotambaa. Likifukiwa mchangani huoza kuanzia chini, na mwenye tangi hugundua siku majani yanapoachana na mizizi. Yagandishe juu ya gogo au jiwe kwa supagluu ya jeli, tone dogo mbili au tatu kwenye mizizi, au yafunge kwa uzi wa pamba. Chagua gogo zito lililokwisha kuzama, kwani mnyama wa sentimita 30 akiligonga jepesi litasogea na kupiga kioo.

Cryptocoryne ikiyeyuka majani yote wiki ya pili, usiitupe. Imebadilishiwa maji na mwanga, na mizizi ikiwa mizima itachipua upya. Vidonge vya mbolea vya mchangani vizamishwe hadi sentimita 4 au 5, mbali na mahali anapochimba samaki. Kikifukuliwa, virutubisho vyote huingia majini kwa mkupuo na mwani hufuata.

Mbolea ya maji nayo ina hesabu tofauti. Samaki wakubwa wanaolishwa nyama hutoa nitrati za kutosha na fosfati za kutosha, hivyo mchanganyiko kamili wa dukani huzidisha. Pima. Nitrati ikiwa miligramu 20 hadi 30 kwa lita kabla ya kubadilisha maji, mimea ina nitrojeni tele. Ongeza potasiamu na chuma tu. Ikipita 40, punguza chakula au ongeza maji unayobadilisha. Kwa diskasi weka ukomo kwenye 20.

Gesi ya hewa ukaa, inayotiwa majini ili mimea ikue, ndiyo inayoua wakubwa kimyakimya. Watunza bustani wasio na samaki wengi hupandisha hadi miligramu 30 kwa lita. Ukiwa na uzito huu wa samaki, lenga 15 hadi 20, ifungwe saa moja kabla taa kuzimika, na usiku pampu ya hewa ifanye kazi. Mimea gizani haitoi oksijeni, inaitumia, kwa hiyo saa mbaya ni alfajiri. Kuna mtego hapa kwa mwenye gurami, Ctenopoma au Polypterus: hao hupanda juu kuvuta hewa hata siku njema, kwa hiyo kupanda kwao hakukuambii kitu. Na kuvuta hewa hakuwakingi, kwa sababu gesi chafu ya mwilini bado hutokea zaidi kwenye matamvua. Angalia matamvua ya wenzao wasiovuta hewa, uwafananishe na kasi uliyoizoea. Wakianza kuhema na kukusanyika mbele ya bomba la chujio, funga gesi kwanza, kisha ndiyo utafute sababu.

Wakae na nani

Kwa tangi letu la mfano, mpangilio rahisi ni gurami lulu wanne, Melanotaenia wanane na Corydoras (kambare wadogo) wanane chini, maji ya nyuzi 25, mimea ya aina yoyote. Nyingine ni jozi ya skalare na kundi la tetra wa Kongo (Phenacogrammus interruptus) kumi, ambao dume hufika sentimita 8. Hawa wakati mwingine hudonoa vichipukizi laini, si jambo la kukosesha usingizi.

Ya tatu ndiyo ninayoipa alama za juu: Ctenopoma watatu, tetra wa Kongo kumi, Synodontis nigriventris watano wanaoogelea tumbo juu chini ya magogo, na juu kabisa Pantodon wawili. Bolbitis na Anubias kwenye magogo, yungiyungi jekundu la Nymphaea moja katikati, mwanga wa wastani. Hakuna anayeharibu mimea, na kila mmoja yuko kwenye tabaka lake. Polypterus mmoja anaweza kuchukua nafasi ya Synodontis, mradi tetra wawe wamekomaa, na hata hapo tegemea kupoteza mmoja au wawili.

Kabla hujalipa

Mwambie muuzaji amlishe ukiwa hapo. Ctenopoma, Pantodon na domodomo asiyekula mbele yako dukani ana uwezekano mkubwa wa kutokula kwako. Kwa domodomo tazama mgongo nyuma ya kichwa kutoka juu: ukiwa umebonyea, amekaa na njaa muda mrefu, na wengi waliofikia hapo hawarudi. Kidevu kiwe kizima hadi ncha. Skalare na diskasi wapime kwa jicho: jicho kubwa kwenye mwili mdogo maana yake amedumaa, na hatakua hata umlishe nini. Polypterus mdogo mwenye vishungi vya matamvua pembeni mwa kichwa ni mzima kabisa, vitapotea akikua.

Karantini ni wiki nne katika tangi tupu lenye bomba la plastiki la kujificha. Dawa zikihitajika zitumike humo, kwani chumvi huchoma mimea, na shaba huua konokono na kamba na ni sumu kwa wenye ngozi laini. Kisha ingiza kwa mpangilio: wa kundi kwanza, wa chini wiki mbili baadaye, na wenye vinywa vikubwa au wanaoshika eneo mwisho kabisa, jioni, taa ikiwa imezimwa. Usiku wa kwanza usiwalishe. Wa pili, acha taa ya chumbani tu, weka chakula kidogo karibu na maficho yao, na usubiri robo saa bila kusogea mbele ya kioo.